Riziki, Baba Yako Hakuiharibu Ile Plafo

Riziki mwanangu,

Watu wakiandika barua wanaanzaka na habari ya afya. Mimi sina haja nayo. Nakusikia kutoka hapa uani, unakunja nguo na kuimba kwa pua, kama desturi yako ukiwa na hasira. Uko muzima. Mimi Koko wako, mama wa baba yako, pia niko muzima, isipokuwa goti na kinywa.

Ni saa kumi ya mchana. Anayeshika kalamu ni Mama Esta, jirani yetu, mwalimu aliyestaafu. Unajua mimi shule niliipita kwa nje tu, nikipeleka muhogo sokoni. Nimemwapisha aandike vile ninavyosema, asitie sukari. Tayari ameniuliza mara mbili, “Mama, na hii niandike?” Nimemwambia aandike, na kama mkono unamuuma anywe chai aendelee.

Mambo ya njia sikuambii tena. Dawa ya malaria, koti ya mvua, mahali pa kunyoosha mgongo mukifika Fizi, hayo tumeyasema tangu Jumatatu mpaka yamechacha. Kesho mwenye moto anakupandisha pikipiki yake mpaka Lulimba kwa baba yako, aliyetuma kukuita ukafanye naye kazi ya rangi kwa sababu bega lake halipandi tena juu ya kichwa. Na jana, ukisonga bugali, ulisema: “Koko, siku ya kwanza tu, mbele sijanywa maji yake, nitamuuliza juu ya nini alitutupa. Akinidanganya, narudi na moto ileile.”

Nilinyamaza. Ukacheka: “Leo Koko amekosa maneno! Dunia inaisha.”

Sikukosa maneno. Jibu la swali lako liko kwangu, haliko kwake. Ukimuuliza, atanyamaza. Nakijua kichwa cha mutoto niliyemzaa. Atanyamaza ili asimtukane mama yake mbele ya binti yake, na wewe utadhani kunyamaza kwake ni uongo, utapanda moto urudi, na hapo nitakuwa nimemfukuza mara ya pili. Njo sababu ya barua hii. Kwa mdomo nimejaribu mara tatu, na mara zote tatu nimeishia kukugombeza juu ya sufuria isiyosuguliwa.

Nianze na duche, chumba chetu cha kuogea, kwa sababu yote yalianzia mule.

Marehemu babu yako alituachia nyumba bila duche ya ndani. Baba yako Wilondja ndiye aliyeijenga. Alikata pembe ya chumba cha nyuma, akafunga matete kwa waya juu, akayapiga krepi, lipu ya simenti, plafo ya dari ikatoka imenyooka kama meza. Chini ya plafo, kwenye ukuta wa nje, akaacha matundu sita ya hewa. Wakati ule, katika barabara yetu, watu wote walikuwa wanaoga nje nyuma ya mabati, mbuzi wakiwaangalia. Mimi nikaoga ndani. Usiniulize kama nilikuwa na kiburi. Nilikuwa nacho cha kutosha kugawia mtaa.

Ilibaki rangi. Na mama yako Maombi alikuwa na tumbo lako, limeshuka, tunahesabu siku. Najua vile bakwe wanavyofanya: mutoto akizaliwa, watu wa mama yake wanavuka ziwa kutoka Ubwari kuja kumuona, na wanaangalia mutoto kidogo, nyumba sana. Nikamwambia Wilondja apake juma lile lile.

“Mama, krepi haiyakauka. Ipe hata majuma tatu.”

“Mutoto atangoja majuma tatu tumboni?”

“Mutoto hataangalia plafo, Mama.”

“Bakwe bataangalia!”

Akacheka, akapaka. Nilisimama mlangoni nikimwangalia kama askari wa kizuizi. Nimeona kwa macho yangu akifungua mikebe mipya ya rangi ya mafuta, akipaka nyembamba, akingoja, akipaka tena. Nimesema nimeona. Kumbuka hilo ukifika mbele.

Ukazaliwa. Na hapa inaingia kazi yangu mimi. Unajua vile tunavyomkanda muzazi, umeona kwa majirani. Maji yanachemka na majani machungu mpaka yageuke meusi, asubuhi na jioni. Mama mukwe anachovya kitambaa, anakamua, anabandika tumboni na mgongoni mpaka damu yote mbaya itoke. Na upepo usiingie. Upepo ukimpata muzazi akiwa amefunguka, unakaa ndani ya mifupa yake mpaka uzee. Hivyo nilifanyiwa, na aliyenifanyia alifanyiwa. Nikaangalia yale matundu sita ya Wilondja, nikaona milango sita ya upepo. Nikachukua kitenge changu cha zamani, cha njano chenye ndege, nikakichana vipande sita, nikaziba. Nilisukuma kwa mpini wa ufagio mpaka hata mwanga haukupita.

Mule ndani mvuke ulikuwa mzito, Maombi nilikuwa simuoni. Nilikuwa nasikia tu matusi yake.

“Mama, unanipika!”

“Nyamaza. Samaki akipikwa hapigi kelele.”

“Nitamwambia Wilondja!”

“Mwambie. Yeye nilimzaa kabla sijakujua wewe.”

Tulicheka sana, mimi na mama yako. Hilo sijakuambia. Nimekuzoeza kudhani tulikuwa paka na panya. Alikuwa ananiita “shetani wa majani”, na akimaliza kuoga nilikuwa nambeba mgongoni mpaka kitandani, na yeye si mwepesi.

Mara mbili kwa siku, zaidi ya mwezi. Katika juma la nne nikaona plafo imetoa malengelenge, kama ngozi iliyomwagikiwa mafuta. Nikayaona, nikachukia, nikafunga mlango. Sikuuliza neno.

Bakwe wakafika. Walivuka na mtumbwi wa mashine, wamebeba ndagala vikapu viwili, kuku, na chumvi ya kuogea mutoto. Mama wa Maombi alikuwa ametapika ziwa zima, akaomba aoge kwanza. Nikampa maji ya moto, nikamwonyesha duche yangu, nikakaa ukumbini nikingoja sifa. Unajua mukwe ni nani kwetu. Baba yako alikuwa hapiti hata kwenye kivuli cha mama mukwe wake.

Akatoka. Kichwa kizima, mabega yote, vipande vyeupe vya rangi vimemshika. Yeye alikuwa mama mwema, akajaribu kuniokoa. Akasema, “Nimeoga ao nimepakwa unga?” Watu wake wakacheka. Wetu wakacheka. Hata Maombi alicheka, amekulaza mapajani.

Ningecheka na mimi, leo baba yako angekuwa anafunga mzigo wako kwenye moto hapa hapa mjini Baraka. Sikucheka. Nilimwita.

“Wilondja! Kuja uone ulichokifanya!”

Alikuwa anagawia wageni chakula. Akaja na sahani mkononi, akaangalia kichwa cha mukwe wake, akashusha macho. Akasema polepole, “Mama, nilikuambia krepi…”

Sikumwacha amalize. Angemaliza, ingejulikana mbele ya bakwe kwamba yeye alisema kweli na mimi nililazimisha. Basi nikamkatia neno. Nikasema ni mwizi. Nikasema ameuza rangi nzuri, akapaka maji ya chokaa nyumbani kwa mama yake.

Akasema, “Mama, nionyeshe pahali nimeiba.”

Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. Watu wote walikuwa wananingoja mimi, na mimi sikuwa na cha kuonyesha. Riziki, nilishika titi.

Mama Esta ameweka kalamu chini. Nimemwambia aishike.

Wewe ni mutoto wa hapa, sina haja ya kukueleza sana. Mama anaweza kukupiga na mwiko, kukunyima chakula, kukuita mbwa, na jioni mukala sahani moja. Titi ni kitu kingine. Nililitoa mbele ya bakwe, mbele ya watoto, nikasema: “Kama ulinyonya hapa, usikanyage tena katika nyumba hii.” Mama wa Maombi akafunika uso kwa kitenge. Hakuna aliyecheka tena. Kipande cha rangi kilianguka kutoka kwenye nywele zake, na nakumbuka nilisikia kikianguka, ingawa watu wanasema rangi haina sauti.

Baba yako akaweka sahani chini. Akanawa mikono. Akakuangalia wewe, muda wa kuvuta pumzi mbili hivi. Akatoka. Alikuwa na shati moja mwilini na hakurudi kuchukua la pili.

Sasa unajua juu ya nini alituacha. Hakutuacha. Mtu aliyefukuzwa kwa titi hawezi kurudi mpaka aliyemfukuza amwite kwa kinywa chake, na kinywa changu kilikuwa na kazi nyingine.

Kilikuwa na kazi ya kusema uongo. Ukianza kuuliza, nilikuambia ni mlevi. Baba yako pombe inamuumiza tumbo tangu ujana. Nilikuambia tamaa ya dhahabu ya Lulimba imemfunga kule. Mashimo alichimba miaka michache, akaona hayamtaki, akarudi kwenye brashi. Lile gauni la zambarau la Krismasi, ulilolivaa mpaka likawa blauzi, lilitoka kwake, pamoja na viatu vya shule miaka mitatu. Wasafiri wa Lulimba walikuwa wanamletea muuza vitenge sokoni, naye ananiletea mimi. Nilikuvalisha, nikasema, “Koko amekununulia.” Ulinipigia magoti ukanishukuru. Niliipokea ile asante. Imenikaa tumboni kama mfupa.

Na mama yako. Maombi alikaa mpaka ukaacha kunyonya, akingoja nimwite mume wake. Kila asubuhi aliniangalia na lile swali, na kila asubuhi nikapata kazi shambani. Kaka zake walipokuja kumchukua, nikasema mahari ilitoka, mutoto ni wa kwetu. Sheria ilikuwa upande wangu. Alipanda mtumbwi bila wewe. Ndiyo maana umemjua kwa likizo, na ndiyo maana akikuaga pale bandarini hanisalimii, na wewe unasema mama yako hana adabu. Adabu anayo. Ningekuwa yeye, ningemtupa Koko majini.

Plafo nayo iliendelea kubanduka. Nikaita fundi mwingine, akapaka, ikabanduka, nikamwita mwizi. Nikaita wa tatu, ikabanduka, nikamwita mwizi na mchawi. Wezi watatu wa rangi katika duche moja. Mtu mwenye akili angekaa chini akajiuliza ni kitu gani hakibadiliki katika ile hadithi.

Halafu akaja fundi Abeli. Hapa na wewe unakumbuka, lakini unakumbuka nusu. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, ulimshikia ngazi. Hakufungua mkebe. Alipanda kwanza juu ya bati, akatembea huko akigongagonga msumari mmoja mmoja, akashuka, mikono mikavu.

“Mama, bati yako haina kosa. Maji yakitoka juu yanaachaka alama pahali pamoja, duara la rangi ya chai. Hii yako imebanduka pote, na pembe zimekuwa nyeusi. Haya maji yametoka chini.”

“Maji gani yanapandaka juu, we Abeli? Umelewa?”

“Mama, ukipika bugali, ukiinua kifuniko, ndani yake unaonaka nini?”

Nikainua macho kwenye plafo.

“Basi plafo yako ni kifuniko. Maji ya moto yanapanda, yanaingia nyuma ya rangi, yanaisukuma kutoka ndani. Mvuke unatafuta pa kutokea. Matundu ya pumuzi iko wapi?”

Akapapasa ukutani na kisu. Rangi za wale mafundi wengine zilikuwa zimepita juu ya matambara, ukuta umekuwa kama hauna tundu. Akachimba, akavuta. Kitambaa kikatoka, kimeoza, cheusi, lakini kichwa cha ndege kilikuwa bado cha njano. Akatoa cha pili. Wewe ukauliza kutoka chini ya ngazi, na sauti yako ya kitoto, “Koko, nani aliziba?”

Riziki, Mungu alinifungulia mlango pale, akaushika kwa mkono wake. Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Nikasema, “Baba yako. Kazi zake zote ni hivyo.”

Abeli aliniangalia. Mwanaume gani anachana kitenge cha mama yake kuziba matundu aliyoyajenga mwenyewe? Alijua. Lakini mimi ni mukubwa kwake, akarudisha macho ukutani. Na wewe ulitikisa kichwa chako kidogo kama mzee anayesikitikia ulimwengu. Tangu siku ile, kila ukisikia jina la Wilondja, unatikisa kichwa hivyohivyo. Miaka minane. Dhambi ile ya kwanza niliifanya kwa kutojua na kwa aibu. Hii ya pili niliifanya nikijua, mchana kweupe, kwa mutoto. Nikipimiwa, nipimiwe kwa hii.

Usianze kuniambia kwamba plafo ni kama moyo wa mtu. Pasta wetu anaweza kusema hivyo Jumapili, watu waseme amina. Plafo ni plafo. Ningetaka iwe fumbo. Ilikuwa rangi iliyobanduka juu ya mvuke, jambo ambalo Abeli alilimaliza kwa majuma mawili na kidogo, na mimi kwa ajili yake nilipoteza mutoto.

Ile kazi unaijua kunipita, lakini acha niiseme, kwa sababu nilikuwa nakuangalia wewe. Abeli alifungua matundu yote sita, akaweka wavu wa mbu. Halafu akakupa kikwangulio, akakuambia ukwangue mpaka pale rangi inapokataa kutoka, na pale inapokataa uiheshimu. Ukakwangua siku mbili, nywele zako nyeupe kama za marehemu babu yako. Mukaosha ile kuvu nyeusi kwa sabuni na dawa ya javeli, mukasuuza. Nikasema, “Sasa mupake.” Abeli akasema, “Sasa tukae.” Mulikaa juma zima! Jua la kiangazi, mlango wazi, na hakuna ruhusa ya kuoga ndani. Mimi nikaenda nyuma ya mabati na mbuzi kama zamani. Jioni moja akabandika kipande cha plastiki kwenye plafo, akakifunga pembe zote na gundi. Asubuhi kilikuwa na jasho kwa ndani. “Bado,” akasema. Mukangoja tena siku mbili, plastiki ikatoka kavu. Ndipo mukapiga papiye ya msasa, mukafuta vumbi kwa kitambaa, mukajaza mashimo na mastiki, mukapiga papiye tena, rangi ya chini, halafu mbili za mafuta, nyembamba nyembamba.

Yote ambayo baba yako aliniomba ilikuwa ni kungoja.

Na wewe uliipenda kazi ile. Nilikuona ukinusa brashi kama mtu anavyonusa maandazi. Ulimfuata Abeli mpaka akakufundisha yote, watu wakisema binti gani anapanda ngazi. Mimi nilijivuna, nikaogopa. Vile unavyofuta mkebe pembeni ili tone lisianguke, hakuna aliyekufundisha. Wilondja anafanya hivyo. Siku ya kwanza nilipokuona, nilikwenda jikoni nikalia kwa moshi.

Kule Lulimba mutapata watu kama mimi. Wenye nyumba wanaotaka kuingia Jumamosi. Mwambie hapana, hata kama ni mukubwa, hata kama amesimama mlangoni na mikono kiunoni. Akikuita jina baya, jina baya linatoka. Kosa la krepi mbichi halitoki. Na ukipata nyumba yenye muzazi na mama mukwe amejaza matambara kwenye matundu, usimcheke. Yule anaogopa upepo na anampenda mutoto wa mwenzake. Mwambie tu: muzazi akiisha kukandwa, umfunike vizuri, umpeleke kitandani, halafu urudi ufungue matundu na mlango. Mimi hakuna aliyeniambia. Wala sijui kama ningesikia. Kuna mtu mmoja alijaribu kuniambia kitu, unajua kilichompata.

Na baba yako umjue kabla hujamuona, kwa sababu yule niliyekuchorea hayuko. Akiwa mutoto, akivunja kitu alikuwa anakuja kusema mwenyewe kabla hujakiona, mpaka inakera. Anakula polepole. Hapendi kuamshwa kwa kushikwa mguu. Akiwa na huzuni anatengeneza vitu visivyoharibika. Ukimkuta anakaza msumari uliokazwa, mkalie karibu, usiseme.

Utaniuliza kwa nini sikumwita miaka yote hii, tangu yale matambara yatoke. Nilimwambia pasta peke yake. Akaniombea, akasema, “Mama, Mungu ameshakusamehe, uende kwa amani.” Nikaenda, sikuikuta hiyo amani. Mungu siye niliyemtolea titi. Nilijua njia: mama anachukua maji kinywani, anamtemea mutoto wake kifuani, anasema, “Maneno yale nayarudisha,” na watu wanasikia. Ni jambo la muda mfupi kuliko kuchambua mchele. Lakini ningefanya hivyo, wewe ungesimama pale ukisikia, ungejua nani aliziba. Nilikuchagua wewe nikamwacha yeye nje. Nilitaka kubaki Koko wako, yule anayenunua magauni. Ndivyo mapendo yangu yalivyo, Riziki. Makali, na yanakula watu.

Hayo maji siwezi kukupa uyabebe. Baraka ya mama haitumwi kama ndagala katika mfuko. Na asante yangu au pole yangu usimpelekee. Usiseme “Koko anakusalimia”. Kwangu hana deni la salamu.

Mama Esta atakupa karatasi hizi sasa hivi, jua likiwa bado juu, ili uzisome ukiwa unaweza kuniona. Niko hapa uani kwenye kigoda. Unaweza kuja kunipigia kelele, goti haliniruhusu kukimbia. Unaweza kwenda kulala kwa rafiki zako na kupandia moto huko huko. Chakula chako nimekiweka tayari, kiko kwenye kikapu cha bluu, kitakufuata popote utakapolala. Sikuombi unisamehe kabla ya kesho. Mambo ya miaka ishirini na moja hayakauki kwa usiku mmoja, hata mimi hilo nimejifunza.

Ninakuomba kitu kimoja, na ni kizito, unaweza kukikataa. Siku ukimuuliza swali lako, na akinyamaza, mwambie unajua. Mwambie mama yake amesema mbele ya shahidi, na shahidi ameandika, kwamba hakuiba na hakuziba. Halafu umuulize kama naweza kuja. Njia ni mbaya na mimi ni mzee, lakini wanaweza kunifunga kwenye moto kama gunia, nitafika. Sitaki kulala kwake. Nataka kusimama nje ya mlango wake na maji kinywani.

Akisema ndiyo, nitumie mtu siku yoyote.

Akisema hapana, usinifiche. Usitafute neno laini, usiseme amesafiri, usiseme ana kazi nyingi. Mimi nimekudanganya tangu ukiwa na meno mawili. Wewe nipigie simu, uniambie: Koko, amekataa.

Ni mimi, mama wa Wilondja.